Sangara amefika Ulaya kabla yangu

Juzi nipo supamaketi hapa Hamburg nikaona minofu kwenye friji imeandikwa Viktoriabarsch, nikageuza pakiti nikasoma nyuma, Ziwa Viktoria, Tanzania. Nikacheka peke yangu mpaka bibi mmoja akanikazia macho. Yaani ni sangara wetu kabisa, kaja huku bila kusotea viza kama mimi, ila hana kichwa, hana ngozi, hana hata mwiba mmoja. Nikanunua nikakaanga. Nyama laini, safi, tatizo hakuna, lakini nilikuwa kama natafuna pamba, na pamba mimi Msukuma naijua.

Maana nimekulia Igombe mimi, ziwani kule Mwanza. Asubuhi mitumbwi inarudi unasimama pale na beseni lako, unafunua shavu la samaki uone kama bado jekundu, ukikuta limeanza rangi ya kahawia unamrudishia mwenyewe pamoja na maneno mawili matatu. Ukipata sato wako kuna kijana hapo hapo na kisu, anaparua magamba, anatoa matumbo, anamchanja ubavuni, chumvi, ndimu, wavuni. Na mkaa uwe umetulia una majivu juu, ukiwa na haraka ngozi inaungua ndani bado mbichi, ukimgeuza mapema anagandia kwenye wavu unabaki na mifupa mkononi. Wengi watakwambia kuchoma ndio mpango mzima, mimi hapana, mimi chukuchuku: maji, chumvi, nyanya, kitunguu, ndimu, basi, samaki aliyekuwa majini saa moja iliyopita unamwekea viungo vya pakiti vya nini? Ugali wa udaga, yaani wa muhogo, pembeni, mnanawa, mnazunguka sinia, na kichwa hakiguswi, kichwa ni cha mkubwa.

Sisemi Ulaya kubaya. Huku hata ukitaka kuvua na ndoano lazima ukafanye mtihani upewe kibali, mwanzo niliona ni ujinga mtupu, siku hizi nawaelewa, maana kwetu mtu anatoa sangara hajafika sentimita 50, sheria inakataza na anajua, halafu kesho anakaa kijiweni analalamika samaki wameisha ziwani. Hapo wametuzidi, tukubali tu. (Na huyo sangara mwenyewe kwetu ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 huko akawafyeka furu, wale samaki wadogo wenyeji wa ziwa, kwa hiyo kuhama hakuanza leo.)

Kinachoniuma ni kingine. Minofu inakatwa kiwandani inasafirishwa, bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linaenda China, sisi mtaani tunauziwa mapanki, yaani mifupa inayobaki minofu ikishakatwa. Nimekula mapanki ya kukaanga utoto wangu wote, matamu kweli, tulikuwa tunagombania kunyonya mifupa, na sikuwahi kujiuliza nyama yake imeenda wapi mpaka siku ile nimesimama mbele ya friji la Wajerumani nikaiona imepangwa vizuri kwenye plastiki. Nusu moja ya samaki nimeila Mwanza, nusu nyingine nimekuja kuilia huku, miaka ishirini katikati.

Jioni nikampigia mama, nikamwambia leo nimekula sangara mama, kafurahi huyo, akaniuliza, "Haya, na kichwa umempa nani?"