Tikolo hakuwa nahodha tu
Makala ninayoyajibu hapa yamemtaja Steve Tikolo kama nahodha wa Kenya aliyetufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003, lakini yameipita siku ya mechi yetu mjini Kandy, Sri Lanka, mwaka 1996, wenyeji walipopata mikimbio (alama za kriketi) 398, rekodi ya dunia wakati huo, naye akajibu kwa 96, akikosa minne tu kutimiza mia. Sisi wa Mombasa tuliobahatika kumtazama hapa nyumbani tunakumbuka alivyousubiri mpira, kichwa kimetulia tuli, kisha akaupenyeza katikati ya walinzi wawili bila kutumia nguvu. Hata Durban, katika nusu fainali hiyo ya 2003 tuliposhindwa na India, alipata mikimbio 56. Naomba mwandishi azirudie mechi hizo.