Wanne kwa Mujibu wa Sheria

Katika bonde liitwalo Larch Valley, juu ya ziwa Moraine nchini Kanada, ipo kanuni ya hifadhi inayoanza kutumika pale dubu wanapozidi kuonekana: hairuhusiwi kupanda mtu mmoja, wala wawili, wala watatu; ni lazima muwe wanne au zaidi, na muwe mmekaribiana muda wote. Nilipoisoma kwenye kibao cha mwanzo wa njia niliiona kuwa kanuni ya busara kabisa. Nasi tulikuwa wanne kamili, yaani mimi, shemeji yangu, rafiki yetu mhasibu na rafiki mwingine ambaye ni bwana miti kwa taaluma. Hatukuwa na hata mtu mmoja wa akiba, na haikunipitikia kwamba tumbo langu nalo lingewekwa chini ya kanuni hiyo.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Kwa kuwa tangu mwaka 2023 magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kwenda ziwani, tulipanda basi alfajiri, nami nikapambana na baridi kwa kumaliza chupa nzima ya chai. Vyoo vilikuwapo palepale ziwani, lakini foleni ilikuwa ndefu, na mimi ndiye niliyetamka kwa sauti ya kiongozi wa msafara, “Twendeni, jamani, jua halitusubiri.” Maneno hayo nilikumbushwa baadaye na shemeji, tena zaidi ya mara moja.

Njia hupinda na kupinduka ndani ya msitu wa kijani, kisha bonde hufunguka ghafla na unajikuta kati ya miti ya lachi iliyogeuka dhahabu tupu. Nilisikitika, nikidhani imekauka. Bwana miti alinisahihisha: lachi ni jamii moja na misonobari, ila yenyewe hupukutisha majani kila mwaka; baridi inapokaribia, mti hurudisha virutubisho ndani, ukijani hufifia, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichika katika jani muda wote hubaki ikionekana kwa majuma mawili hivi. Alinitilia kitawi mkononi. Vijani vyake ni vyembamba kama sindano lakini laini kama manyoya ya kifaranga, vimeota vishada vishada, na vinanyofoka kwa kuguswa tu. “Huu ndio mti usioona haya kujivua nguo hadharani,” akasema. Hapo ndipo tumbo langu lilipounguruma, na sauti yake ilimfanya mhasibu ashike kopo lake la dawa ya kufukuzia dubu.

Tatizo lilikuwa la kisheria. Adabu ya milimani inamtaka mwenye haja ajitenge mbali na njia na mbali na maji, ilhali kanuni ya dubu inamtaka asitengane na wenzake. Mhasibu, ambaye hajawahi kukutana na sheria asiyoipenda, alitoa hukumu papo hapo: tunakwenda wote.

“Jikaze, shemeji,” nikaambiwa.

“Nimejikaza tangu ziwani.”

Basi tuliiacha njia, sote wanne, tukapanda mteremko kimya kimya kama watu wanaokwenda kuzika. Walinipa mgongo, wakasimama nusu duara. Na kwa sababu dubu hapaswi kushtukizwa, bali asikie mapema kwamba kuna watu, ilibidi pawe na kelele. Shemeji akaanzisha wimbo wa kubembelezea watoto, mhasibu akapokea kwa makofi. Msomaji na apime mwenyewe maana ya kuchimba dawa huku mjomba wa wanao anakuimbia ulale, tena nyuma ya mti ambao kila upepo ukivuma unapungukiwa na majani.

Nathibitisha kwamba shughuli yenyewe ilikwisha salama. Kosa lilikuwa katika kuinuka. Vijani vilivyokwisha kupukutika vilikuwa vimetandaa kama zulia juu ya utando wa barafu ya usiku, na mguu wangu wa kushoto ulipoteleza, wa kulia haukutaka kubaki peke yake. Suruali ikiwa bado magotini, nilipita katikati ya shemeji na mhasibu wakati wa kiitikio, nikaserereka mteremko mzima kwa makalio na kutua njiani, miguuni pa watu wanane waliokuwa wamejipanga kupigwa picha. Wenzangu, kwa utii wao kwa sheria, walinifuata mbio wakipiga kelele, “Tusiachane! Tusiachane!” Mama aliyeshika kamera alikuwa amekwisha kubonyeza.

Niliomba turudi kwenye basi. Mhasibu akanieleza kwa upole kwamba watatu hawaruhusiwi kuendelea bila mimi, na mimi siruhusiwi kushuka bila wao, kwa hiyo tupige kura. Nilishindwa kwa kura tatu kwa moja. Ndivyo nilivyopanda hadi kwenye mgongo wa mlima, pale Sentinel Pass, mita 2,611 juu ya usawa wa bahari, nikiwa na nusu kilo ya lachi ndani ya suruali. Ni pazuri mno, sikatai: dhahabu yote iko chini yako, na ng’ambo vimesimama vilele vilivyowahi kupamba noti ya dola 20 ya Kanada. Wale wanane walitukuta hukohuko juu. Walisogea kidogo kunipa nafasi ya kukaa, wakafikiri tena, wakanipa nafasi kubwa zaidi.

Jioni, ndani ya basi, yule mama alikaa kiti kinachonikabili. Aliwasha kamera yake, akapitia picha moja moja akitabasamu, mpaka akafika kwenye moja akaacha kutabasamu. Akainama kuitazama vizuri, akaniangalia mimi, akaitazama tena. Shemeji, bila kugeuka, akaanza kuuvumisha ule wimbo.