Kabla hamjatumiwa ile video

Najua wengine ile video yangu ya kuzamia imeshawafikia. Rafiki yangu mmoja, jina nalihifadhi ila anajijua, kaipandisha status jana usiku na chini kaandika "gaidi akiwaaga wageni". Gaidi wa watalii jamani, natembeza watu chini ya bahari huku Nungwi, msinipigie simu polisi. Sasa na mimi niseme yangu maana yeye kaanzia katikati.

Ilianza mwezi uliopita, mgeni mmoja alikuwa anavuta hewa kama mwenye pumu, tukapanda wawili tunanyonya mtungi mmoja, wangu, nafika juu geji ya presha inasoma bar 20, hewa karibu kuisha. Nikasema hapana, natafuta mtungi wa akiba. Wenye akili zao wananunua wa lita 3, ambao ni mzito, unaning'inia ubavuni kama mtoto, na ukiweka na regileta yake, kile cha mdomoni cha kuvutia hewa, bei inapita milioni. Mimi nikaona mtandaoni kimtungi cha nusu lita. Cha njano. Ukubwa wa chupa ndogo ya chai, mdomo wake umekaa juu kabisa hakitaki hozi wala nini, na pampu ya mkono wanakupa bure. Laki nne na nusu. Ningekataaje?

Nahodha wetu, mzee ambaye kaanza kuzamia mimi sijazaliwa, alikitazama tu akaniuliza, "Mwanangu, hesabu uliachia darasa la ngapi?" Akanipigia pale pale kwa vidole: nusu lita mara bar 200 ni lita 100, ukishuka mita 20 hewa inabanwa mara tatu, gawa, zinabaki lita 33, mtu mwenye hofu anazimaliza kwa dakika moja, na kupanda taratibu kutoka huko ni dakika mbili na ushee, bado dakika tatu za kusimama kwenye mita 5. "Hiyo nyingine utakopa kwa samaki?" Nikamuona mzee wa zamani.

Kijana wa kompresa naye akagoma kukijaza, eti hakina muhuri wa kupimwa presha. Sawa, nikapampu mwenyewe uani. Kuna mtu humu ameshazitumia hizo pampu? Mwanzoni unacheka, ukifika bar 60 unaulalia mpini kwa tumbo, watoto wa jirani wamejipanga barazani wanahesabu, mama mwenye nyumba anauliza hiyo gesi ya kupikia nauza bei gani. Nikaishia bar 110 nikaenda kulala. (Wenye hesabu zenu mshaona tunakoelekea.)

Siku yenyewe tuko Mnemba, maji kama kioo, wageni wanne, mmoja bibi Mholanzi mwenye nywele nyeupe, nikamuweka karibu yangu ili nimwangalie vizuri. Hilo likumbukeni. Kwenye boti nilishawatangazia kwamba chini nitawaonyesha kifaa. Mita 20, mchanga mweupe, nikawapanga nusu duara, nikatoa regileta mdomoni kwa mbwembwe zote, nikaiachia, nikachomeka kimtungi. Pumzi ya kwanza tamu. Ya tano nikapozi kwa kamera. Ya tisa ikawa nzito, kama unanyonya uji kwa mrija. Ya kumi, uji umepoa. Ya kumi na moja ikaja nusu. Ya kumi na mbili nikavuta, mashavu yakaingia ndani mpaka nadhani yalikutana, hakuna kitu.

Na mgongoni nina mtungi mkubwa una bar 150, sifichi. Nilikuwa nakufa njaa nimebeba gunia la mchele. Regileta ikikupotea unainamisha bega la kulia, unazungusha mkono nyuma, unaikokota mbele, kitu nafundisha kila wiki, nina mpaka wimbo wake. Mimi nikazungusha wa kushoto. Nikapata hozi! Nikaichomeka mdomoni kwa shukrani, nikabonyeza kitufe, kumbe ni hozi ya kujazia hewa jaketi la kuelea. Jaketi likavimba. Nikaanza kupaa. Taratibu, kama puto la harusini, kimtungi mkononi, hozi ya jaketi mdomoni, na wageni wananitazama kwa adabu kabisa wakidhani hilo ndilo onyesho lenyewe. Sasa ishara ya kuishiwa hewa ni kiganja shingoni kama unachinja. Ubongo wangu ukaleta nyingine. Nikapunga mkono. Mmoja akanipungia.

Nikasikia kitu kimenidaka pezi. Bibi! Akanivuta chini kama anaanua nguo mvua imeanza, akatoa hewa kwenye jaketi langu, akaning'oa ile hozi mdomoni, akanipachika okto yake, regileta ya akiba, ya njano, njano ile ile ya kimtungi changu, kisha akanishika mkanda wa kifua na kunikazia macho mpaka nikapumua kama binadamu. Halafu akanipapasa kichwani. Mara mbili. Na hapo pa kichwani ndipo yule rafiki kaparudisha polepole, sijui nilimkosea nini.

Kulia sikulia. Maji kwenye maski yalikuwa ya bahari.

Mengine haraka: tukapanda, nikapewa chai, nahodha hakusema neno, aliinua tu vidole akawa anagawa. Kumbe bibi anazamia tangu mimi sijaanza shule, ipo kwenye fomu, fomu ambayo nimeipokea na kuisaini mimi. Mchana kukawa na raundi ya pili, ratiba ni ratiba, nikaongoza mimi. Kila nikigeuka kuuliza wageni hewa zao, yeye kashanitangulia, vidole viwili juu ya kiganja: na wewe je, una ngapi? Nikawa namjibu. Ningefanyaje.

Kimtungi kinauzwa. Njano, hakina mchubuko, kimetumika pumzi kumi na moja. Pampu natoa bure.