Foleni ya simu Uingereza na nyumbani: anayesubiri ndiye anayelipa

Kwa sisi tunaoishi Uingereza, kusubiri kwenye simu ya huduma kwa wateja kunachosha lakini hakuli mfuko. Namba za 0800 ni bure hata kwa simu ya mkononi tangu Julai 2015, za 03 zinatozwa kama simu ya kawaida, na laini nyingi za mkataba zina dakika zisizo na kikomo. Mtu anaweka spika, anaendelea kupika. Tanzania, ukipiga namba isiyo ya bure, salio linakatwa tangu mashine inapopokea, siyo tangu mtu anapokusalimia. Aliyeweka vocha ya shilingi 500 anaweza kukatikiwa kabla hajafika kwa mhudumu, na kesho arudi mwanzo wa foleni.

Ndiyo maana napinga tabia ya kuchukua menyu ya simu ya Ulaya, ile sauti ya mashine inayokusomea chaguo za kubonyeza, kuitafsiri na kuiweka Dar es Salaam au Nairobi kama ilivyo. Ilitengenezwa kwa mpigaji ambaye muda wake kwenye laini hauna bei.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mameneja wengi hununua mtambo mpya wa simu kabla ya kupiga hesabu hiyo. Chukua kituo kinachopokea simu 60 kila nusu saa, kila moja ikichukua dakika 4 pamoja na muda wa kuandika baada ya kukata. Hizo ni dakika 240 za kazi ndani ya dakika 30, yaani wahudumu 8 walioshikwa bila kupumua. Ukiweka 8 kamili, foleni haiishi. Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni zinazotumika hadi leo. Kwa kanuni hizo, kama hakuna anayekata simu, wahudumu 9 wanatoa wastani wa kusubiri wa sekunde 157 hivi, 10 wanatoa 49, na 11 wanatoa 20. Mhudumu wa 10 anaokoa karibu dakika mbili kwa kila mpigaji. Wa 12 angeokoa kama sekunde 11 tu.

Sasa baki na wale 9, ila punguza kila simu kwa sekunde 24, kutoka sekunde 240 (zile dakika 4) hadi 216. Wastani wa kusubiri unashuka kutoka 157 hadi kama 52, bila kuajiri mtu. Sekunde hizo 24 ziko kwenye "naomba jina lako, namba ya simu, namba ya mita". Namba ya simu mtambo unaiona tayari. Tarakimu 11 za mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla Tanzania, mteja anaweza kuzibonyeza akiwa kwenye foleni, na taarifa zake zikafunguka mbele ya mhudumu simu inapoingia. Kinachoharibu ni pale mtambo unapouliza, halafu mhudumu anauliza tena yale yale kwa sababu programu mbili hazijaunganishwa. Hapo umeongeza muda badala ya kuupunguza, na mteja amekasirika kabla ya mazungumzo kuanza.

Menyu yenyewe nyumbani ina kasoro inayotokana na mafanikio yetu. Tumezoea *150*00# ya M-Pesa Tanzania au *334# ya Kenya, ambako orodha ya mistari saba inasomwa kwa jicho moja. Wasanifu wanaichukua orodha hiyo hiyo na kuisoma kwa sauti. Kila chaguo likichukua sekunde 4, mwenye shida ya saba amesikiliza sekunde 28, na la kwanza ameshalisahau. Kwa sauti, chaguo nne zinatosha na ngazi mbili zinatosha. Taja shida kwanza, kitufe baadaye: "Umetuma pesa kimakosa, bonyeza 1." Ukitanguliza namba, mtu anaisahau akingoja kujua ni ya nini. Ruhusu kubonyeza kabla sauti haijamaliza, maana anayepiga kila wiki anajua njia. Lugha aliyochagua mara ya kwanza ihifadhiwe pamoja na namba yake, asiulizwe tena. Matangazo ya ofa mpya yatoke kabisa. Kumtoza mtu sekunde 15 asikilize tangazo wakati pesa yake imekwama ni dhuluma.

Tangazo moja tu lina haki ya kukaa mlangoni: la hitilafu. Umeme ukikatika mtaa mzima, sentensi moja inayotaja eneo na muda unaotarajiwa huwafanya wengi wakate wenyewe wakiwa wameridhika. Ila lifutwe tatizo likiisha. Tangazo la jana linaloendelea kusomwa leo huharibu imani kwa tangazo linalofuata.

Upande wa ufundi, chunguza vitufe. Sauti ikibanwa sana njiani, mlio wa kitufe unaharibika na mtambo unasikia tarakimu mbili au hausikii kabisa. Dawa ni kupeleka tarakimu kama ujumbe tofauti na sauti, kwa utaratibu wa kiufundi wa mitandao uitwao RFC 4733, na kuhakikisha pande zote mbili zimewekwa hivyo. Kisha jaribu kwa laini za mitandao yote, siyo simu ya ofisini pekee.

Uingereza kuna jambo la kuiga. Zahanati za madaktari wa familia zilikuwa na msongamano maarufu wa saa 2 asubuhi, na mpango wa serikali wa Mei 2023 ulisukuma simu za kidijitali zenye huduma ya kupigiwa: unakata, nafasi yako inabaki, unapigiwa zamu ikifika. Wenzetu huku wanaona ni teknolojia. Sisi tumebipu miaka yote. Namba inayoita mara moja, mtambo ukate bila kupokea, uhifadhi namba na kumweka mtu kwenye foleni, ingemgharimu mteja senti sifuri. Makampuni yetu yangeanza na hilo.

Lakini kupiga kwa kurudi kuna mitego yake. Watu wanaogopa matapeli, kwa hiyo tuma SMS kwanza na upige kwa namba moja inayojulikana, kama Safaricom walivyowazoesha Wakenya na 0722 000 000. Jaribu mara mbili, kwa kuachana dakika 10, kisha funga ombi kwa ujumbe. Wenye simu ya laini mbili wapewe nafasi ya kuandika namba nyingine. Na muda wa kusubiri upimwe tangu mlio wa kwanza hadi sauti ya mtu. Vituo vingi, huku na nyumbani, huanza kuhesabu baada ya menyu, halafu vinajisifu kwa takwimu ambayo mteja haitambui.

Mtambo wa Uingereza unaokuambia "sema unachohitaji kwa maneno machache" usiletwe bado. Lafudhi zetu unazikosa mara kwa mara, na ukikosa mara mbili ulipaswa kurudi kwenye vitufe au kwa mtu. Mingi inauliza mara ya tatu.

Kwetu tulio nje kuna shida ya peke yake. Namba fupi kama 100 na zile za bure za 0800 kwa kawaida hazivuki mpaka. Kila benki na kampuni ya simu iweke wazi namba kamili inayoanza na +255 au +254, pamoja na njia ya maandishi ya WhatsApp, kwa sababu kumpigia mteja Ulaya ni ghali. Anayetoka kazini London saa 11 jioni, Dar es Salaam ni saa 1 usiku kiangazi na saa 2 usiku majira ya baridi, hivyo zamu ya laini hiyo ifike angalau saa 4 usiku.