Alimpa Ufunguo Mmoja

Jumamosi nilikuwa saluni hapa Majengo, Dodoma, nasukwa twende kilioni. Televisheni imetundikwa juu ya mlango, rimoti imevalishwa nailoni, na ilikuwa inaonyesha moja ya zile filamu za Kimarekani zinazotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu, mapenzi kwanza, hofu baadaye. Tuliikuta imeshaanza. Mama aliyeachika amehamia mji mdogo na binti yake, akampata mwanamume mpole, fundi wa kila kitu. Kitasa cha mlango wa mbele kikaharibika. Asubuhi bwana akaja na kipya, akakifunga mwenyewe, akamwekea yule mama ufunguo kiganjani na kumbusu kwenye paji la uso.

Msusi wangu akaacha kusuka. "Kitasa kipya kinakuja na funguo tatu," akasema. "Mbili ziko wapi?"

Saluni nzima ikalipuka. Hapakuwa na muziki wa kutisha, wala kamera haikuonyesha mfuko wa yule bwana. Wanawake sita, wengine nusu kichwa bado hakijasukwa, walishamkamata mhalifu kabla filamu yenyewe haijamtaja.

Kijana mmoja wa chuo aliyemsindikiza dada yake akakunja uso: filamu mbovu hii, ukishamjua adui unaangalia nini tena? Maoni hayo nayasikia kila filamu hizi zikionyeshwa, na nayapinga. Nani kaua ni swali la hadithi za upelelezi. Hapa swali ni lini: lini mama atajua, na akishajua, nani atamwamini. Alfred Hitchcock, mwongozaji maarufu wa filamu za mashaka, alilieleza hili kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watazamaji wasipojua kwamba lipo, watashtuka sekunde chache likilipuka. Wakijua, robo saa nzima ya mazungumzo ya kawaida kwenye meza ile itawatoa jasho. Zile funguo mbili ndizo bomu letu. Tangu hapo, kila mara yule mama alipofunga mlango usiku, saluni ilikuwa kimya.

Maoni yaliyoniuma ni mengine. "Mwanamke mjinga huyu!" Yalitoka vinywani mwa watu wazima, tena wanawake. Sisi tuliziona funguo kwa sababu hatukupendwa na yule bwana. Tulimwona akiwa peke yake garini, sura imebadilika, mwenzetu hakumwona. Yeye alichokipata ni mtu aliyeamka mapema kumtengenezea mlango. Na alipoanza kushuku, alikwenda polisi, akaulizwa ushahidi uko wapi.

Mama mmoja aliyekuwa chini ya draya akasema polepole, "Mimi niliambiwa rudini mkayamalize nyumbani." Hakuna aliyemjibu. Msusi alimpunguzia moto tu.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo, na siku hizi vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini ili ufike kwenye dawati lazima kwanza uamini kwamba ulichokiona umekiona kweli. Filamu hizi, pamoja na udhaifu wake wote, zinaonyesha vizuri sana jinsi mtu anavyoporwa imani hiyo kidogo kidogo, kwa upole, kwa zawadi.

Udhaifu wenyewe uko mwishoni. Hadithi hizi hukatwa vipande ili kuacha nafasi ya matangazo, na kila kipande huishia kwenye mshtuko ili usibadili chaneli. Kwetu tangazo la sabuni liliingia katikati ya sentensi. Palipostahili tangazo, kioo kikawa cheusi kidogo, hadithi ikaendelea. Hilo nasamehe. Nisilosamehe ni haraka ya dakika za mwisho: ngazi, kisu, bastola, gari la polisi, halafu jua linawaka na binti aliyekuwa amefungiwa chumbani anakula mkate akicheka. Mama wa draya aliuliza, "Usiku huo walilala?" Hapo ndipo filamu ilipaswa kukaa, japo dakika tano, inionyeshe mama akiamka mara tatu kushika kitasa.

Ninatamani watengeneza filamu wetu waichukue kazi hii. Haihitaji magari ya kulipuka. Nyumba moja, waigizaji wanne, mwandishi mwenye subira. Na mahali pake ni hapa. Filamu hizi karibu zote huanza na mwanamke aliyehamia mji asikojulikana, na tangu Waziri Mkuu alipohamia Dodoma mwaka 2016 na wizara zikafuata, mji huu umejaa watu wa namna hiyo. Nenda Iyumbu au Nzuguni uone nyumba mpya zilizoachana, taa moja huku, nyingine kule.

Naiona kabisa. Julai, upepo na vumbi, mtumishi aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam anashusha godoro kwenye kirikuu na binti yake. Mlango wa mbele haufungi vizuri. Jirani anavuka kiwanja akiwa na bisibisi mkononi, anasalimia kwa adabu, anamwambia dada asihangaike kutafuta fundi. Na saluni ya Majengo inaanza kuhesabu funguo.