Lenzi za zamani kwenye kamera za dijitali, hapa pwani zinafaa?

Juzi hapa Lamu kijana mmoja alikuja barazani na lenzi ya Helios 44-2 aloikuta kabatini kwa babu yake, akauliza yaingia kwenye kamera yake ya Sony ama ni ya kuweka pambo. Watu wakagawanyika pale pale, wengine wakasema ni takataka. Mimi nasema yaingia na itampa raha sana, ila kwetu sisi kuna jambo la kuangalia kwanza.

Helios ni ya Kisovieti, milimita 58, yafunguka mpaka f/2, yaani tundu lake ni pana na huingiza mwanga mwingi, na hufungwa kwa nyuzi za M42, waizungusha kama skrubu. Sasa lenzi za M42 zataka zikae milimita 45 na kidogo kutoka kwa senza, kile kipande cha ndani ya kamera kishikacho picha, na Sony zisizo na kioo cha kuakisi ndani zina 18 tu, kwa hivyo adapta ni pete tupu ya chuma yajazia ile nafasi, haina glasi ndani wala si ghali. Ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige bila lenzi, la sivyo itakataa. Mwenye Nikon za kioo cha kuakisi ndo ana kazi, kwake ni 46.5, ishapita ile 45, fokasi ya vitu vya mbali haitashika.

Na picha zake jamani! Simama mbele ya mlango wa nakshi, zungusha pete polepole mpaka ua moja likae wazi, utaona yalo pembeni yanayeyuka taratibu, lenzi mpya nyingi hazikupi hivyo.

Lakini fokasi ni mkono wako tu, mbio za punda utapata vumbi na mkia, na kazi ya arusi ulolipwa mimi siwezi kuitegemea. Ukielekea jua picha yafifia kabisa maana ule mpako wa juu ya kioo chake wa kuzuia mng'ao ni wa kizamani. Kwenye kamera za senza ndogo ile 58 yawa kama 87, yaani picha yabana zaidi, kwenye vichochoro vyetu unarudi nyuma mpaka ukuta wakuzuia.

Kubwa kuliko yote ni fangasi, ukungu uotao ndani ya lenzi, hewa yetu ya chumvi na unyevu hailei lenzi. Fungua f/2, mulika tochi kwa nyuma, ukiona nyuzi kama utando wa buibui katikati iache, hula mpaka ule mpako wa juu ya kioo na kusafisha hakuurudishi. Ya yule kijana ilikuwa na uzi mmoja tu ukingoni, nikamwambia aitumie, ila asiirudishe kabatini, aiweke kwenye kopo la kufunga vizuri na vile vifuko vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu.