Mahindi yatasubiri, wageni hawasubiri

Juzi mama alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Simu ya saa hiyo huwa ni msiba, nikapokea nimeshasimama. Kumbe wala. "Mwanangu, wageni wetu wa Marekani wanafika Julai. Akina mama tumepangiwa elfu kumi na tano kila mmoja, na nusu debe la mchele."

Mchele, Njombe! Sisi wa mahindi na viazi, mchele tunaununua. Lakini wazee wa kanisa walishaamua zamani kwamba Mzungu hali ugali, na hakuna aliyewahi kumuuliza Mzungu mwenyewe.

"Na mahindi je, mama?"

"Mahindi yatasubiri. Wageni hawasubiri."

Tangu hapo nina hasira, ndiyo maana naandika.

Kila mwaka wageni hawa wa kanisa wanakuja Juni au Julai, kwa sababu huko kwao ni majira ya joto na shule zimefungwa. Sawa. Ila huku nyanda za juu Julai ndiyo mahindi yamekauka shambani. Yanataka kuvunjwa, kubebwa, kupukuchuliwa, kutiwa dawa, kufungwa kwenye magunia. Ukizembea, dumuzi anakuwahi, na jirani aliyemaliza kuvuna keshaachia ng'ombe wake, nao hawajui mpaka. Ni mwezi huohuo akina mama wa usharika wanafyeka nyasi, wanapaka chokaa mawe ya njiani, wanafanya mazoezi ya kwaya, wanapika siku kumi, kisha wanazunguka kurudisha masufuria ya kuazima. Nusu mwezi imekwenda. Mama ana miaka sitini na tatu na ekari mbili. Vibarua hawaji shambani kwa kuimbiwa pambio.

Halafu wageni wanashuka kwenye Kosta wamevaa fulana za rangi moja, zimeandikwa kifuani kwamba wamekuja kutumika. Kutumika! Nani anawachemshia maji ya kuoga? Mwaka juzi walikuja na kofia za jua na kaptura, maana Afrika ni joto. Njombe, Julai, asubuhi ukipumua unatoa moshi kama treni! Yakakusanywa mablanketi nyumba kwa nyumba. La mama likaenda na lingine la akiba, yeye akalala siku kumi amejifunika koti la marehemu baba. Mwaka huo walitupakia rangi darasa. Mafundi rangi wawili wa kijijini walikaa kwenye benchi wakiangalia, huku nauli ya ndege ya mgeni mmoja tu inazidi dola 1,000. Desemba niliporudi likizo, mmoja wa wale mafundi alikuwa analirudia lile darasa.

Ya wageni kupiga picha na watoto wasiowajua hata majina siyagusi leo. Na wale wanaofungua mabegi ya dawa bila kusomea, waulizeni watu wa Jinja, Uganda. Akina mama wawili waliofiwa na watoto walilishitaki mwaka 2019 shirika la mmisionari wa Kimarekani ambaye hakusomea udaktari. Mwaka uliofuata yakaisha kwa malipo, bila mtu kukiri kosa.

Najua mtakachoniambia. Bati la kanisa ni lao. Ada za wanafunzi kadhaa wa sekondari ni zao, na mmoja wao ni binti wa shangazi yangu, kwa hiyo hapo nanyamaza kidogo. Wala sina ugomvi na umisionari. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na mwaka huohuo akazika mke na mtoto mchanga, na bado akabaki na kujifunza Kiswahili mpaka akakiandikia kamusi. Mwenzake Rebmann alimfuata 1846, na alipoondoka Rabai, karibu na Mombasa, 1875 alikuwa haoni tena. Miaka ishirini na tisa! Unaweza kuwalaumu watu hao kwa mengi, ila huwezi kusema walikuja kutembea. Hawa wetu wa siku kumi, ukitoa siku mbili za mbugani, hata "kamwene", salamu yetu, hawajaishika vizuri wanaondoka. Tunalia, tunakumbatiana, tunaambiwa tumewabadilishia maisha. Tumeyabadilishaje? Kwa wali na kuku?

Nilimwuliza mzee wa kanisa mmoja, mtu ninayemheshimu, kwa nini ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, usitumike hapa. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mwanangu, huo ni wa mgeni wa kwetu."

Basi niwasimulie habari za mmoja wa wageni hao. Alikuwa mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, goti bovu. Wenzake walipokwenda kupaka rangi yeye alibaki nyuma, akamkuta mama yangu uani na rundo la mahindi. Hakukuwa na mkalimani. Akavuta kigoda, akakaa, akaanza kupukuchua. Vidole vikamtoka malengelenge, mama akamwonyesha namna ya kusugua gunzi kwa gunzi, wakaendelea mpaka jua linazama. Jioni akala ugali na mboga za maboga, akaongeza. Gunia moja na robo. Mama amesahau majina ya wachungaji watatu wageni, pamoja na yule aliyenunua jogoo mnadani kwa laki moja kisha akamwachia mtoto achezee. Wa gunia moja na robo anamtaja mpaka leo, anamwita "yule mwenzangu".

Mwaka huu hayumo kwenye orodha. Nimeuliza.

Nimemtumia mama elfu thelathini: kumi na tano za mchango, kumi na tano za kibarua wa mahindi. Jana kanipigia kunishukuru. Mchele umeshanunuliwa, anasema, debe zima.